Kufuli la simu za kazi ni la lazima, lakini mfanyakazi asiachiwe kulinunua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie utaratibu ulioanza kuingia katika ofisi zetu za huku Nyanda za Juu Kusini, wa kumzuia mfanyakazi asifungue programu za kazi mpaka simu, kishikwambi au kompyuta anayoitumia ithibitike kuwa imetimiza masharti ya usalama. Mimi ni afisa mikopo katika taasisi moja ya fedha jijini Mbeya, na kazi yangu ni kutembelea vikundi vya wakopaji kuanzia Uyole na Mbalizi hadi Isongole na Kiwira kwa upande wa Rungwe. Utaratibu huo nauunga mkono, na ningeuunga mkono hata kama ungenisumbua mara mbili ya ulivyokwisha kunisumbua. Ninachokipinga ni kumwachia mfanyakazi wa chini gharama na lawama za kuutimiza, kwa sababu nimeshuhudia kwamba gharama hiyo inapomshinda, wanaoumia ni wateja.

Nianze na sababu za kuuunga mkono. Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu mmoja aliibiwa simu ndani ya kosta kati ya Mafiati na Kabwe, jioni, abiria wakiwa wamebanana. Ilikuwa simu yake mwenyewe, haikuwa na namba ya siri ya kufungulia kioo, na ndani yake zilikuwamo picha za vitambulisho vya taifa, picha za fomu za mikopo, na programu ya mikopo ikiwa imefunguliwa tayari, kwa kuwa alikuwa amechoka kuandika nywila kila mara. Haikupita wiki, kina mama wa kikundi kimoja cha Mbalizi wakaanza kupigiwa na mtu aliyewataja kwa majina yao matatu, akawatajia kiasi wanachodaiwa hadi shilingi ya mwisho, kisha akawaelekeza kwamba marejesho ya wiki hiyo wayatume kwenye namba mpya. Sote tunaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi wetu huufuta kabla hatujamaliza kuusoma. Huyu hakuwa anabahatisha, alikuwa na daftari letu mkononi. Wawili kati ya kina mama wale walituma. Mmoja wao aliponiuliza, "Mwanangu, yule mtu alijuaje kwamba nadaiwa na ninyi?" sikuwa na jibu ambalo ningeweza kumpa nikimtazama usoni.

Kama wakati ule tungekuwa na utaratibu huu, simu ile isingefunguliwa programu ya mikopo hata siku moja kabla haijaibiwa, kwa sababu ingekataliwa tangu mwanzo kwa kukosa namba ya siri. Kwa wasomaji ambao hawajakutana nao, unafanya kazi hivi. Zamani mlango wa programu ya kazi ulikuwa na swali moja tu, nalo ni nywila, na aliyekuwa nayo aliingia hata kama amekaa kwenye kompyuta ya kulipia stendi. Sasa mlango huuliza pia hali ya kifaa. Programu ndogo ya usimamizi iliyowekwa kwenye simu hupeleka taarifa kwenye mfumo mkuu: toleo la mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha simu, ni lipi, sasisho la mwisho la usalama, yaani marekebisho ya mtengenezaji ya kuziba mianya, ni la tarehe gani, kioo kina namba ya siri au hakina, taarifa zilizohifadhiwa zimefungwa kwa usimbaji fiche au ziko wazi, na iwapo kuna mtu ameuvunja ulinzi wa kiwandani ili aweke programu ambazo mtengenezaji hakuziruhusu. Mfumo hulinganisha majibu hayo na masharti aliyoyaweka msimamizi, kisha huruhusu, hukataa, au huruhusu nusu, kwa mfano kusoma bila kupakua. Na simu ikiripotiwa kuwa imeibwa, msimamizi anaweza kuamuru ifungwe, au taarifa za kazi zifutwe, yeye akiwa ofisini.

Wapo wanaodhani kwamba haya ni mambo ya watu wa TEHAMA kujitafutia shughuli. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilikumba kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zaidi ya 150, kikavuruga hospitali za umma nchini Uingereza hadi wagonjwa wakaahirishiwa matibabu, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia tangu Machi mwaka huohuo. Mwaka 2022 kampuni ya LastPass, ambayo biashara yake ni kutunza nywila za watu, iliingiliwa kupitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake mmoja, iliyokuwa na programu ya kutazamia filamu yenye tundu lililokwisha kuzibwa mwaka 2020, ila programu hiyo haikuwa imesasishwa. Mfano huu wa pili ndio ninaoufikiria zaidi, maana sisi maafisa tunaozunguka vijijini karibu wote tunafanya kazi kwa vifaa vya nyumbani.

Sasa niseme kilichotokea Isongole. Ilikuwa Jumanne moja ya mwezi Machi, ukungu umeshuka hadi kwenye matuta ya viazi, na kikundi cha wakulima kumi na wanane kilikuwa kimekaa kwenye mabenchi ya kanisa kikisubiri tuanze marejesho. Nilifungua simu yangu, niliyoinunua Mwanjelwa kwa fedha zangu na ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa imenitosha. Badala ya orodha ya wanakikundi, ukatokea ukurasa mweupe wenye mistari miwili ya Kiingereza, ambayo maana yake ni kwamba kifaa hiki hakitimizi masharti ya taasisi na kwamba niwasiliane na msimamizi wangu. Nilizima, nikawasha, ukarudi uleule. Nikatoka nje kutafuta mtandao karibu na barabara ya lami, nikampigia afisa TEHAMA wetu, naye akanieleza kwa upole kwamba masharti mapya yameanza kufanya kazi usiku wa kuamkia siku hiyo, na kwamba simu yangu haitapata tena sasisho la usalama kwa sababu mtengenezaji ameacha kulitoa kwa aina ile. "Dada yangu, hapo ni kubadilisha simu tu," akasema. Nilikuwa nimesimama kwenye tope, na ndani ya kanisa alikuwapo mzee aliyeuza gunia la viazi vya mbegu ili asipitishe wiki na deni.

Nilichokifanya siku ile nakiandika hapa kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyekifanya. Niliandika marejesho kwenye kaunta buku, nikazipiga picha kurasa zote nne pamoja na kitambulisho cha mwanachama mpya aliyekuwa akiomba mkopo wa mbolea, nikazituma kwa WhatsApp kwa mwenzangu wa ofisini ambaye simu yake ilikuwa imekubaliwa, naye akaingiza kila kitu kwenye mfumo kwa jina lake. Baada ya wiki mbili tulikuwa maafisa watano tunaofanya vivyo hivyo. Taarifa zilezile ambazo kufuli liliwekwa ili lizilinde zikawa zimelala kwenye simu tano zilizokataliwa kwa kukosa usalama, katikati ya picha za harusi na za watoto, na kumbukumbu za mfumo zikawa zinaonyesha kwamba mtu mmoja amepokea fedha Isongole, Mbalizi na Inyala ndani ya saa moja. Mkaguzi angezisoma kumbukumbu zile angeamini kuna wizi. Hakuna aliyekuwa amekusudia uovu. Kila mmoja wetu alikuwa na kikundi kinachomsubiri na lengo la makusanyo la mwezi. Nilikosea, na nilikwenda mwenyewe kumweleza meneja wangu hivyo. Lakini kosa lile lilikuwa na mzazi, na mzazi wake ni uamuzi wa kufunga mlango usiku mmoja bila kujiuliza kesho yake watu watapita wapi.

Tatizo lenyewe lina mizizi katika bei ya simu. Google kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung kuanzia Galaxy S24 ya mwaka 2024, wameahidi masasisho kwa miaka saba, na hizo ni simu ambazo mshahara wangu wa mwezi haukaribii kuzinunua. Simu nyingi za bei nafuu zilizopangwa kwenye vioo vya maduka ya Mwanjelwa hupewa masasisho kwa muda mfupi zaidi, na nyingine huuzwa zikiwa na toleo la zamani ingawa boksi halijafunguliwa. Ukinunua unga dukani utaiona tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye mfuko. Ukinunua simu, tarehe ya mwisho wa masasisho hakuna anayekuonyesha, na muuzaji mwenyewe mara nyingi haijui. Kompyuta nazo ni hivyohivyo. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba zinazotumika maofisini haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu hazina vipuri vya usalama vinavyotakiwa. Kwa hiyo sharti linalosema "kila kifaa kiwe na masasisho ya karibuni", ambalo kwenye karatasi linamtendea kila mtu sawasawa, kwa vitendo linapima uzito wa mfuko. Meneja wa tawi hakuona chochote asubuhi ile ya Machi, kwa kuwa simu yake ilipita. Waliokwama ni sisi wenye mishahara midogo, ambao ndio tunaobeba taarifa za wateja kwenda nazo shambani.

Hata simu inayostahili kusasishwa ina gharama yake. Sasisho kubwa la mfumo laweza kuzidi gigabaiti moja, linahitaji chaji ya kutosha na muda wa simu kuzima na kuwaka, na kwa afisa anayenunua bando mwenyewe na kulala kijiji ambacho umeme umekatika tangu mchana, kuliahirisha sasisho si uzembe.

Ninaloliomba kwa waajiri ni kwamba anayeweka sharti alibebe. Kama kazi haiwezi kufanyika bila kifaa chenye viwango fulani, basi kifaa hicho ni nyenzo ya kazi, na mwajiri akinunue kama anavyonunua pikipiki ya kuendea vikundini na kasha la kutunzia fedha. Najua taasisi ndogo zitasema hazina uwezo, na hoja hiyo siidharau, maana nimeona vitabu vya taasisi ndogo. Lakini si kila programu inahitaji kufuli la uzito uleule. Fomu ya kuomba likizo na ratiba ya zamu zinaweza kufunguliwa kwenye simu yoyote yenye namba ya siri, na sharti kali likabaki kwenye leja ya mikopo na picha za vitambulisho. Ukishapunguza hivyo, idadi ya vifaa vinavyotakiwa kununuliwa hupungua sana, na vishikwambi vichache vya kupokezana vinaweza kutosha ofisi nzima.

Kwa mfanyakazi mwenye simu inayokubalika ambaye yuko tayari kuitumia kazini, ipo njia isiyohitaji kuikabidhi simu nzima. Simu za Android, tangu toleo la 5, zinaweza kutengewa sehemu ya kazi ndani yake, programu za sehemu hiyo zikawa na alama ya mkoba mdogo, na mwajiri akaisimamia sehemu hiyo peke yake. Haoni picha zako, hasomi ujumbe wako na ndugu zako, na siku unapoacha kazi anafuta ya kwake tu. Vilevile ipo mifumo inayoweka ulinzi ndani ya programu yenyewe ya kazi bila simu kusajiliwa kwa mwajiri. Nayasema haya kwa sababu fomu tuliyoletewa kutia saini ilisema kwamba taasisi inaweza "kufuta kifaa" wakati wowote itakapoona inafaa. Wengi walitia saini bila kuuliza. Mwenzetu mmoja hakutia. Alimzika mama yake mwaka jana, na picha za mwisho alizopiga naye ziko kwenye simu ile na si mahali pengine popote. Wanaonunua simu kwa mkopo wanajua maana ya mtu wa mbali kuizima simu iliyo mkononi mwako; angalau yule anakudai.

Hapa sheria haijakaa kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kwa hiyo inampa mwajiri sababu nzuri ya kuweka kufuli kwa ajili ya wakopaji wetu. Sheria hiyohiyo inamtaka akusanye taarifa kwa lengo lililo wazi na halali, zisizozidi mahitaji ya lengo hilo, na mwenye taarifa aambiwe zinakusanywa kwa nini. Mfanyakazi naye ni mwenye taarifa. Anastahili kuambiwa kwa Kiswahili, kabla ya kusajili simu yake, kwamba mfumo utaona toleo la mfumo endeshi na hali ya kioo, na kwamba hautaona ujumbe wake, kama kweli hautauona. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi, nayo haikusema kwamba faragha hiyo inaishia getini kwa mwajiri. Ningefurahi kuona Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikitoa mwongozo mfupi wa Kiswahili kuhusu simu binafsi zinazotumika kazini, unaoeleweka kwa mtu ambaye hajasomea TEHAMA.

Kwa maafisa TEHAMA nina machache, na nayasema kwa heshima, kwa kuwa najua wengi wao wako wawili au mmoja kwa ofisi nzima. Mifumo hii ina hali ya majaribio, ambayo hupima vifaa vyote na kuandika nani angezuiwa bila kumzuia mtu yeyote. Wiki mbili za kuisoma orodha hiyo zingewaonyesha watano sisi kabla hatujafika Isongole. Pia ina muda wa neema, yaani siku ambazo mtu huonywa huku akiendelea na kazi. Katika mfumo wa Microsoft wa kusimamia vifaa vya kazi, kifaa kisichotoa taarifa kwa siku 30 huhesabiwa kuwa kimevunja masharti isipokuwa muda huo umebadilishwa, na hilo limemkuta mwenzetu aliyerudi kutoka likizo ya uzazi akakuta amefungiwa nje bila kosa. Kinyume chake, katika mfumo huohuo kifaa ambacho hakijapangiwa sharti lolote huhesabiwa kuwa salama mpaka msimamizi abadilishe mpangilio huo, kwa hiyo inawezekana mlango wa mbele ukabanwa huku wa uani uko wazi. Na ule ujumbe wa mistari miwili unaweza kuongezewa maneno ya Kiswahili yenye namba ya simu ya mtu anayepokea saa za kazi, pamoja na maelezo ya sharti lililokosekana, ili afisa aliye shambani ajue kama tatizo ni namba ya siri, ambalo atalimaliza kwa dakika moja, au ni umri wa simu.

Katika ofisi yetu mambo yamesogea kidogo. Baada ya kikao kimoja kirefu, taasisi ilinunua vishikwambi sita kwa ajili ya maafisa wa nje. Tunavichukua Jumatatu kwa kutia saini kwenye daftari la mlinzi, tunavirudisha Ijumaa, na masasisho hupakuliwa mwisho wa wiki kwa intaneti ya ofisi vikiwa kwenye chaji. Picha zile za WhatsApp tulizifuta tukiwa tumekaa meza moja, kila mmoja akimwonyesha mwenzake simu yake, kisha marejesho yote ya wiki zile mbili yakaandikwa upya kwa majina ya waliokwenda. Jumanne iliyopita nilikuwa Isongole tena, na mzee yule alitia kidole chake kwenye kioo kama wengine.

Fomu ya idhini ndiyo bado haijabadilishwa. Nimeirudisha bila saini, nikaambatanisha barua ya ukurasa mmoja inayoomba neno "kifaa" liondolewe na badala yake iandikwe "taarifa za kazi zilizomo kwenye kifaa". Wenzangu saba wameandika majina yao chini ya langu, na tunasubiri majibu.

Afisa mikopo,
Uyole, Mbeya